Walioingia tumewasoma, waliotoka mbona hamwaandiki?

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita gazeti lako liliandika kwa herufi kubwa kwamba halmashauri ya jirani yetu hapa "imeajiri" watumishi wapya. Alinisomea mjukuu wangu, maana miwani nilikuwa nimeiacha jikoni. Nikamwambia arudie hilo neno. Imeajiri. Nikacheka mpaka mtoto akaniuliza kuna nini. Halmashauri haikuajiri mtu. Ilipokea watu, kama mama mkwe anavyopokea bibi harusi aliyechaguliwa na wengine: anampa maji ya kunawa, anamwonyesha chumba, kisha anaanza kumsoma tabia.

Simlaumu mwandishi wako. Ameandika alichoambiwa. Ila nimekaa ndani ya majalada miaka 37, na naomba nafasi nieleze kwa nini habari ya namna hiyo, hata ikiwa kweli tupu, haimwambii msomaji kama zahanati yake ina muuguzi.

Nilianza 1984 nikiwa karani wa masijala. Kazi yangu ilikuwa kufungua faili, kuandika namba ya folio kwa kalamu nyekundu na kulipeleka kwa mkubwa. Nikapelekwa kozi chuo cha serikali za mitaa Hombolo, nikasogea ngazi kwa ngazi, na 2021 nikastaafu kwa lazima nikiwa ofisa utumishi. Halmashauri nilizofanyia kazi sitazitaja. Zilikuwa mbili, ziko Kanda ya Kati, na wakubwa wangu wengine bado wazima. Pensheni nayo naipenda.

Somo la kwanza la hesabu hii nililipata kwa baba nikiwa na miaka 11. Alikuwa nyapara wa barabara wa halmashauri. Mwaka 1972 ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa, za miji zikafuata. Baba alirudi jioni, akavua kofia, akamwambia mama, "Mwajiri wangu amekufa." Mama akashika kichwa akidhani kuna bwana mkubwa amefariki. Kesho yake baba akaondoka saa kumi na mbili asubuhi na baiskeli ile ile, kwenda barabara ile ile, kwa vibarua wale wale. Kilichobadilika ni jina la anayemlipa. Sasa alikuwa mtu wa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, yaani mtu wa serikali kuu. Ukichora mstari wa idadi ya watumishi wa serikali za mitaa Tanzania Bara kwa miaka ile, unaporomoka kama mtu aliyeanguka kutoka mbuyuni. Barabarani hakuna aliyeanguka. Walikuwa wale wale, na mabeleshi yao.

Matokeo yake yalichelewa kuonekana. Miji ikaanza kunuka, mitaro ikaziba, kipindupindu kikapiga hodi. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa haraka. Ya wilaya yakatungiwa sheria 1982, yakaanza tena kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akasema kwamba kama angepata kuanza upya, kuna mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Wakubwa wengi huondoka bila kusema neno kama hilo.

Mimi ni ajira ya mwaka huo. Tangazo lilibandikwa kwenye mwarobaini nje ya ofisi, kwa misumari. Usaili ulifanywa na mwenyekiti wa halmashauri, diwani wa kata yetu na ofisa mmoja aliyevaa tai. Maswali yalikuwa matatu. La kwanza niandike jina langu vizuri. La pili nitaje mazao ya wilaya. La tatu: "Wewe ni mtoto wa yule nyapara?" Nikasema ndiyo. Nikapata kazi. Nalisema hili mapema, Mhariri, kwa sababu nitalirudia, na sitaki mtu aseme nimelificha.

Zama zile mishahara yetu sisi wa ngazi za chini ilitegemea kodi ya maendeleo, ushuru wa mazao na ushuru wa mnada. Fedha ilikuja kwenye sanduku la bati na askari mmoja pembeni, tunapanga foleni, asiyejua kusaini anaweka dole gumba. Mwaka wa njaa nasi tulilala njaa. Mtama ukikauka shambani, tarishi wa halmashauri anakopa chumvi dukani. Haikuwa raha, na wanaosifia enzi zile hawakupanga foleni ile. Lakini diwani alijua wafagiaji wa soko ni sita. Siku wakionekana watano, anauliza wa sita yuko wapi.

Halafu ikaja miaka ya tisini, na hapa naomba nikae kidogo.

Serikali ilikuwa imebanwa na madeni na wafadhili, ikaambiwa ina watu wengi kuliko mfuko wake. Mwaka 1992 watumishi wa umma walikuwa kama 355,000. Hadi mwisho wa muongo walikuwa wamepungua kwa makumi ya maelfu. Kwenye vitabu hilo linaitwa mageuzi. Kwangu mimi lilikuwa mashine ya kuchapa ambayo herufi ya "e" ilikuwa imeziba kwa wino, ikitoa kidoa cheusi kila inapopigwa. Nilichapa barua za kupunguzwa kazini siku nne mfululizo. "Napenda kukujulisha," ndivyo barua ilivyoanza, nami kila nikifika hapo najiuliza nani anapenda. Nilimchapia barua mpishi wa nyumba ya wageni ya halmashauri. Nilimchapia mlinzi wa usiku. Nilimchapia tarishi aliyekuwa ananiletea chai, na alikuwa amesimama mlangoni akisubiri nimpe barua azisambaze, hajui ya kwake iko katikati ya rundo. Nikaitoa nikaiweka droo mpaka jioni. Sikuwa na la zaidi la kumfanyia.

Baada ya mwaka mmoja hivi nikawaona wafagiaji wawili wamerudi na mafagio yao. Nikafurahi, nikadhani wamerudishwa. Kumbe kazi ya usafi amepewa mzabuni, na mzabuni amewachukua wao kwa kuwa ndio wanaoijua. Mshahara ukawa chini ya ule wa kwanza, bila likizo, bila mchango wa uzeeni. Kwenye hesabu ya halmashauri walikuwa wameondoka. Uwanjani walikuwa wanafagia majani ya mwarobaini uleule. Nikamkumbuka baba. Kwake jina lilibadilika na mshahara ukabaki. Kwa hawa, jina lilibadilika na mshahara ukapungua.

Miaka hiyohiyo ajira za walimu zilikuwa zimebanwa, vijana wanamaliza vyuo vya ualimu wanakaa nyumbani. Ndipo ada ya shule ya msingi ilipofutwa, MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ikaanza 2002, madarasa yakafurika, na mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Zikaja shule za kata. Wakaja walimu wa kozi fupi ambao mtaani waliitwa vodafasta, jina la kuudhi, ingawa wengi wao leo ndio walimu wakuu. Kila Januari walishuka kwenye basi na magodoro yao wakiuliza posho ya kujikimu, nasi tukiwaambia fedha bado haijaingia. Mwaka 2009 sekondari nazo zikahamishiwa halmashauri. Majalada ya walimu wake yalikuja kwa lori, mengine yamelowa mvua, tukayaanika kwenye korido kama mihogo. Asubuhi moja halmashauri yetu ikawa na watumishi wengi zaidi kuliko jana yake, na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa usiku ule.

Katikati ya hayo kuna jambo lililopita bila makelele. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mwingine wa kero vilifutwa. Wananchi walishangilia, nami nilishangilia, maana nimeona wazee wakifukuzwa na mgambo kwa ajili ya kodi ile. Lakini mtendaji wa kijiji na mlinzi wa mnada walikuwa wakilipwa kutoka humo. Serikali kuu ikaanza kutupa ruzuku ya kufidia, na kidogo kidogo mishahara yote ya kudumu ikapanda kwenda Hazina. Ahueni ilikuwa kubwa: hakuna tena kungoja mtama. Ila na kalamu nayo ikapanda. Anayelipa ndiye anayeamua mtaa uwe na watu wangapi. Tuliimbiwa ugatuaji wa madaraka miaka yote ile, huku orodha ya mishahara ikisafiri kuelekea upande mwingine.

Wasomaji wengi hawajui mtumishi mmoja wa halmashauri anapatikanaje, kwa hiyo naeleza. Kila mwaka ofisi ya utumishi inaandaa ikama, yaani hesabu ya nafasi: zinazotakiwa, zilizojazwa, zilizo wazi. Ikama inapelekwa TAMISEMI, ofisi kuu inayosimamia serikali za mitaa, inakwenda ofisi ya Utumishi, inafika Hazina. Kule inakatwa. Kinarudi kibali cha ajira. Kibali nacho kina umri, kinatembea na mwaka wa fedha, na tarehe 30 Juni hakiombewi dua. Mwaka mmoja tuliomba watu wa kujaza zahanati zote mpya, tukaletewa kibali cha madereva wawili na katibu muhtasi. Madereva walikuwa wazuri. Gari lilikuwa moja.

Kisha ikaja 2016.

Lilianza jambo la watumishi hewa. Sikatai, walikuwepo, na wezi walikuwepo. Nchi nzima waliondolewa zaidi ya 19,000 kwenye orodha ya mishahara. Lakini kama mtu wa masijala nasema hivi: hewa nyingine haikuwa wizi, ilikuwa karatasi iliyolala. Mwalimu amefariki kijijini Februari. Mwalimu mkuu ameandika barua Machi. Barua imepitia kwa mtendaji wa kata, ikakaa chini ya jiwe ili isipeperuke. Imetufikia Julai. Miezi mitano marehemu analipwa, na ndugu zake wala hawajui kama akaunti ina fedha. Tulipopewa amri ya kuhakiki, niliita majina watu wakapita mmoja mmoja mbele ya meza na vitambulisho. Kuna mzee alijibu "nipo" kwa sauti kubwa hadi watu wakacheka. Alihofia asiposikika atafutwa.

Ajira zikasimamishwa kupisha uhakiki. Aprili 2017 ikatoka orodha ya vyeti vya kughushi, watu 9,932 nchi nzima. Wakaja na wa darasa la saba walioambiwa hawana sifa kwa sababu ya waraka wa 2004 uliotaka kidato cha nne, wakiwemo watendaji wa vijiji na madereva waliokwisha kuzeeka kazini. Mwaka uliofuata, 2018, serikali ikaelekeza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Sitetei cheti cha kughushi. Ila nesi aliyenizalisha mtoto wa mwisho alikuwa kwenye ile orodha, na nafasi yake ilikaa wazi mpaka mtoto huyo akamaliza kidato cha nne.

Kuna jambo moja la kipindi hicho ambalo sijaliona gazetini. Mwaka 1974 TANU ilikaa Musoma ikaazimia kila mtoto aingie shule ifikapo 1977. Wakachukuliwa vijana wengi waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi hukohuko vijijini, wakaitwa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Vijana wa miaka kumi na nane, ishirini. Haya, piga hesabu. Umri wa kustaafu kwa lazima ni 60. Kundi hilo lilianza kugonga 60 kuanzia kama 2014, na wimbi likaendelea miaka mitano, sita. Yaani wakati mlango wa kuingilia umefungwa kwa uhakiki, mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa na kundi zima likipita. Kwenye ofisi yetu tuliandika barua za kustaafu kwa mafungu. Na miaka hiyohiyo ndiyo elimu bila ada ilipoanza, darasa la kwanza likajaa hadi watoto wakakaa sakafuni. Hakuna aliyepanga vitu hivi vitatu vikutane. Lakini tange, yaani orodha ya watumishi wote, ilikuwepo, tarehe za kuzaliwa zilikuwepo, na mtu yeyote mwenye kalamu angeliona jambo hilo likija miaka arobaini kabla.

Nikarudi tena kwenye kisa cha baba, safari hii mlango wa pili kutoka ofisini kwangu. Mwaka 2017 ilianzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mhandisi wa barabara na mafundi wake wakahamishwa kwa karatasi. Meza zao hazikusogea, chumba kilekile, feni ileile mbovu. Kibao cha mlangoni tu ndicho kilichobadilishwa. Mwaka 2019 ikaja RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakaenda watu wa maji. Mimi nikakata majina yao kwenye tange yetu kwa rula. Mtafiti akija leo akasema watumishi wa halmashauri walipungua, atakuwa sahihi. Akisema barabara na maji vilipoteza watu, atakuwa amekosea. Kilichopotea ni kingine: diwani akisimama kwenye baraza kuuliza daraja la kwao limekatika tangu masika, mkurugenzi anamjibu kwa adabu kwamba wale si watumishi wake. Nilikuwa naandika muhtasari wa vikao hivyo. Jibu hilo nimeliandika mara nyingi hata nikaanza kulifupisha.

Baada ya 2021 mambo yamelegea, lazima niseme. Watu wamepandishwa madaraja yaliyolala. Mwaka 2022 zikatangazwa nafasi 17,412: walimu 9,800 na kada za afya 7,612. Mwaka 2023 nafasi 21,200: walimu 13,130 na afya 8,070. Ni nyingi, na waliozipata ni watoto wetu. Lakini nafasi iliyotangazwa na mtu aliyefika ni vitu viwili. Kwanza, ndani ya ajira hizi mara nyingi zimo zinazoitwa ajira mbadala, yaani kumrudishia marehemu, mstaafu au aliyetoroka kazini. Hizo hazijaongeza kitu, zimeziba tundu. Pili, kuna anayepangiwa kata ya mbali, anafika na begi, anatazama kushoto anatazama kulia, anapiga picha, haonekani tena. Tatu, kuna barua ambayo kila ofisa utumishi anaijua kabla hajaifungua: kumfuata mwenza. Wenza wote wa nchi hii wanaishi mjini, Mhariri. Sijawahi kupokea barua ya mtu anayeomba kumfuata mwenza kwenye kijiji kisicho na umeme.

Matokeo yake ni kwamba halmashauri inaweza kujaa na kata ikawa tupu. Viwango vya Wizara ya Afya vya 2014 vilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Ninayoijua mimi, kilomita za kutosha kutoka barabara ya lami, ina watatu, na mmoja wao ni mhudumu. Nesi akienda mjini kufuata dawa, mhudumu ndiye daktari. Jengo lakini ni zuri, la zama za mpango wa zahanati kila kijiji. Lina vigae.

Sasa niwaelezee watu wasio kwenye karatasi yoyote. Binti wa dada yangu alimaliza ualimu 2017. Ameomba kila dirisha lilipofunguliwa. Mwanzoni mwa 2025 walimu nao walipoanza kufanyiwa usaili, alikopa nauli akaenda, akarudi. Kwa miaka sita anajitolea kwenye shule ya msingi ya kijiji. Wazazi wanachanga, wakivuna wanampa kitu, wasipovuna wanampa mahindi. Anafundisha darasa la tatu, watoto wanamwita madamu, mwalimu mkuu akimwacha zamu anampa funguo za ofisi. Kwa Hazina hayupo. Kwa ikama hayupo. Nafasi yake imeandikwa "wazi" hadi leo, wakati yeye amesimama ndani yake na chaki mkononi. Ukiongeza wa mikataba ya miezi michache wanaolipwa na mapato ya ndani, walinzi, wakusanya ushuru wa stendi, vijana wa mashine za POS, utakuta halmashauri mbili ndani ya jengo moja: ile ya tange, na ile inayofanya kazi jioni baada ya wa tange kwenda nyumbani.

Najua nitajibiwa: basi mama, rudisheni ajira kwa halmashauri zenyewe. Hapa ndipo narudi kwenye usaili wangu wa 1984. Mimi nilipata kazi kwa jina la baba. Nilikuja kuifanya vizuri, lakini kulikuwa na msichana aliyekuja kwa miguu kutoka tarafa ya pili, anaandika mwandiko mzuri kuliko wangu, na hakuulizwa ni mtoto wa nani. Nimeona pia mpwa wa diwani akiajiriwa kukusanya ushuru kwenye geti ambalo halikuwa na barabara. Wenzetu wa Kenya wana bodi za utumishi katika kila kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na kilio chao ni mishahara kupita ule ukomo wa asilimia 35 ya mapato. Sekretarieti ya Ajira, ile inayosaili waombaji kwa niaba ya waajiri wa serikali, imemfungulia mlango mtoto asiye na mjomba, na mimi siwezi kuidharau. Ila isitufanye tusahau kwamba inayofahamu zahanati ipi haina nesi ni kata, na ambayo haiulizwi ni kata.

Sina hoja kubwa ya kubadilisha sheria, wataalamu wapo. Ninalo ombi dogo kwako wewe mwenye gazeti. Siku nyingine mkiletewa taarifa kwamba watumishi kadhaa wameajiriwa, mwandishi wako aulize maswali manne kabla hajaondoka kwenye kile kiti. Mwaka huohuo wangapi wametoka, kwa kustaafu, kufa, kufukuzwa na kuhama? Wangapi wamehamishiwa wakala au taasisi nyingine bila kuondoka kwenye meza zao? Ikama inataka wangapi? Na wangapi wanaofanya kazi hapa hawamo kwenye orodha? La nne watamjibu kwa kukohoa. Aandike hivyohivyo kwamba walikohoa.

Na mkipata nguvu, chapisheni kwa kata. Idadi ya wilaya nzima ni sawa na wastani wa kina cha mto. Mrefu anavuka, mtoto anazama. Tange zipo. Zamani zilikuwa vitabu vikubwa vya mistari, leo ziko kwenye kompyuta, na kutoa orodha ya kila shule na kila zahanati si kazi ya nusu siku kwa kijana anayejua kubonyeza. Siri iliyomo ni mishahara ya watu, hiyo ifichwe. Idadi ya wauguzi wa kijiji changu si siri ya mtu. Naiona kwa macho kila nikipeleka mjukuu.

Nimeandika kirefu, utanikata utakapoona panafaa. Nilitaka barua hii ifike wiki mbili zilizopita, nikachelewa kwa sababu nilipigiwa simu na ofisi yangu ya zamani. Kuna mwalimu wa UPE anafuatilia mafao, michango yake ilianzia mfuko mmoja ikaishia mwingine baada ya mifuko kuunganishwa 2018, na barua yake ya kuthibitishwa kazini haionekani. Kijana wa masijala yuko peke yake, wenzake wawili wamehama, na majalada ya zamani hajui yalivyopangwa. Nikapanda basi kwa nauli yangu. Tulilitafuta siku mbili. Lilikuwa kwenye kabati la chini, nyuma ya yale yaliyolowa 2009, na folio zilikuwa kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu. Kijana akanishukuru sana, akanunua soda, kisha akaandika namba yangu ya simu ukutani kwa penseli, juu ya swichi, ili asiipoteze.

Mstaafu wa masijala,
Kondoa